Bertha Benz: Dereva wa kwanza wa safari ndefu, na fundi wa gari lake mwenyewe

Alfajiri moja ya mwezi Agosti mwaka 1888, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, mama wa watoto wanne aliondoka nyumbani na wanawe wawili wa kiume huku mumewe akiwa bado amelala. Walitoa gari karakanani, wakaliwasha kwa kuzungusha gurudumu zito lililokuwa nyuma ya injini, wakashika njia. Mume aliachiwa ujumbe tu kwamba wamekwenda Pforzheim kwa bibi yao watoto.

Mama huyo aliitwa Bertha Benz. Mumewe, Carl Benz, ndiye aliyelibuni gari hilo. Kutoka Mannheim hadi Pforzheim kwa njia waliyopita ni kama kilomita 104, na kabla ya siku hiyo hakuna gari la injini lililokuwa limekwenda mbali kiasi hicho. Magari ya Carl yalikuwa yakizunguka mitaa ya jirani na kurudi. Hapakuwa na kituo cha mafuta, fundi wa magari, wala barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya gari. Njia zilikuwa za farasi na mikokoteni.

Wengi wanalijua jina Benz kwa sababu ya nyota iliyo mbele ya magari ya Mercedes. Wachache wanajua kwamba bila pesa za Bertha karakana ya Carl ingefungwa mapema, na kwamba mambo aliyolazimika kuyashughulikia njiani siku ile ndiyo yanayowasimamisha madereva hadi leo: mafuta, maji, breki na nyaya.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 mjini Pforzheim. Baba yake, Karl Friedrich Ringer, alikuwa fundi seremala na mjenzi aliyefanikiwa na kuwa tajiri. Inasimuliwa kwamba Bertha alipozaliwa, baba huyo aliandika kwenye Biblia ya familia maneno ya kusikitika kwamba amepata tena mtoto wa kike. Inasimuliwa pia kwamba binti aliyasoma alipokua. Kama ni kweli, hayakumvunja moyo. Alipenda kuuliza vitu vinavyofanyaje kazi, katika zama ambazo mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa kwa wasichana.

Mwaka 1869 alikutana na Carl Benz kwenye matembezi ya kikundi cha vijana. Carl alikuwa mhandisi kijana asiye na mali. Baba yake, dereva wa treni, alifariki Carl akiwa mtoto mdogo, na mama akamsomesha kwa taabu. Kijana huyu alizungumza jambo moja tu, yaani kutengeneza gari lisilovutwa na farasi. Wasichana wengine wangechoka kumsikiliza. Bertha alisikiliza.

Hapa inafaa kueleza desturi ya huko. Wakati ule Ujerumani, mahari ilitoka upande wa bibi harusi na kwenda na binti kwenye ndoa yake. Carl alikuwa amefungua karakana mjini Mannheim mwaka 1871 pamoja na mwenzake, na mwenzake huyo akageuka kuwa mtu asiyeaminika. Karakana ikakaribia kufa. Bertha akaomba apewe mahari yake kabla ya harusi, na fedha hizo zikatumika kununua sehemu ya mbia yule. Walioana tarehe 20 Julai 1872. Baada ya hapo, kwa sheria za wakati ule, mali ya mke ilikuwa chini ya mamlaka ya mume, kwa hiyo jina la Bertha halikuonekana tena kwenye karatasi za biashara. Lakini fedha zake zilikuwa ndani, na kama gari lingeshindikana, zingepotea pamoja nalo.

Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Watoto walizaliwa, Eugen mwaka 1873, Richard 1874, kisha Clara na Thilde, huku wadai wakipiga hodi. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1879, baada ya majaribio mengi yaliyoshindwa, Bertha alimshawishi mumewe warudi karakanani wajaribu tena. Injini iliwaka, ikaendelea kunguruma, na wawili hao wakasimama wakiisikiliza. Hiyo ilikuwa injini ya kukaa mahali pamoja, si ya gari, lakini ndiyo iliyowapa riziki ya kuendelea.

Tarehe 29 Januari 1886 Carl aliwasilisha ombi la hataza ya gari lake la magurudumu matatu. Injini yake ilikuwa na silinda moja na nguvu isiyofika hata ya farasi mmoja, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 16 kwa saa. Mtu mwenye baiskeli nzuri leo angelipita. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba watu hawakulinunua. Walilitazama, wengine wakacheka, wengine wakaogopa, kisha wakaenda zao. Carl naye alikuwa fundi wa aina tunayoijua sote, asiyeridhika na kazi yake. Kila siku aliona kitu cha kurekebisha, na gari likabaki karakanani.

Bertha aliona kwamba gari halihitaji kurekebishwa zaidi ndani ya karakana. Lilihitaji kwenda safari.

Basi wakaondoka, yeye akiwa na miaka 39, Eugen miaka 15 na Richard 13. Kibali cha kuendesha gari kilikuwa kimetolewa siku chache tu kabla, kwa jina la Carl.

Tatizo la kwanza lilikuwa mafuta. Gari hilo halikuwa na tangi kubwa kama tulizozizoea. Lilibeba lita chache tu kwenye kabureta yake. Lilitumia ligroini, kimiminika kinachotokana na mafuta ghafi ambacho watu walikinunua kwenye maduka ya dawa ili kutoa madoa kwenye nguo. Walipofika mji mdogo wa Wiesloch, Bertha aliingia kwenye duka la dawa la mjini na kununua alichohitaji. Ndiyo sababu duka hilo linatajwa leo kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani, na mbele yake pana sanamu ya kumkumbuka.

Baadaye gari likakata nguvu. Mrija wa mafuta ulikuwa umeziba. Bertha akachomoa pini ndefu ya kofia yake, wanawake wa wakati ule walizitumia kushikiza kofia kwenye nywele, akazibua mrija, safari ikaendelea.

Wengi husimulia kisa hiki wakicheka, lakini dereva wa kijijini anajua uzito wake. Gari la leo lina filta ya mafuta kwa sababu ya uchafu huohuo. Mafuta yanayouzwa kwenye chupa na madumu kando ya barabara mara nyingi huwa na vumbi, kutu au maji, na filta ikijaa, gari huanza kukosa nguvu mlimani, kisha huzimika. Bei ya filta ni ndogo kuliko ya pampu au nozeli. Jambo lingine ambalo madereva wengi hawaambiwi ni hili: katika magari mengi ya petroli ya siku hizi, pampu ya mafuta imewekwa ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Anayezoea kutembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku, akiamini anabana matumizi, anaichosha pampu hiyo. Na pini ya kofia haitamsaidia.

Maji yalikuwa mtihani wa siku nzima. Injini ile ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani kama mvuke, kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani walilazimika kusimama na kujaza. Walichota kwenye visima, vijito na nyumba za wageni. Bertha hakuwa na geji ya kumwonyesha joto. Alitegemea macho, masikio na pua.

Leo maji hayapaswi kupotea hata kidogo. Mfumo umefungwa, na kama unaongeza maji kwenye rejeta kila wiki, basi kuna mahali yanatoroka: bomba limepasuka, rejeta inavuja, au gasketi ya silinda hedi imeanza kuungua. Kuongeza maji bila kutafuta sababu ni kuahirisha gharama ili ije ikiwa kubwa. Kipimo cha joto kikipanda au taa nyekundu ya joto ikiwaka, simama mahali salama na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta papo hapo. Maji yaliyo ndani yana shinikizo na moto kuliko maji ya chai yanayochemka jikoni, na yamewaunguza watu wengi nyuso na mikono. Subiri ipoe kabisa, shika kifuniko kwa kitambaa kinene, kifungue taratibu. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi ya mtoni, maana chuma kinaweza kupasuka.

Niongeze neno hapa, kwa sababu nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba ile dawa ya rangi inayowekwa kwenye maji ya rejeta ni ya nchi za baridi tu. Si kweli. Ni kweli kwamba huzuia maji kuganda, lakini pia huzuia kutu ndani ya injini na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Mambo hayo mawili tunayahitaji zaidi sisi wa nchi za joto.

Turudi barabarani. Waya mmoja wa umeme ulipoteza ngozi yake na kuanza kugusa chuma. Bertha alivua mkanda wa kushikilia soksi yake akaufunga kwenye waya. Mnyororo wa kuzungusha magurudumu ulipolegea, mhunzi mmoja huko Bruchsal aliwasaidia. Kwenye milima injini haikuwa na nguvu ya kutosha kuwapandisha wote, ikabidi mmoja abaki kwenye usukani na wengine washuke wasukume. Kila aliyewahi kusukuma gari la abiria kwenye kilima chenye tope anaweza kuiona picha hiyo bila kusaidiwa.

Lakini kupanda si kubaya kama kushuka. Gari la Benz lilikuwa na breki za vipande vya mbao vilivyobanwa kwenye magurudumu ya nyuma. Kwenye miteremko ya eneo la Pforzheim, mbao hizo zilisuguliwa zikaanza kuisha. Hapo ndipo kicheko kingeisha. Gari halikuwa na njia nyingine ya maana ya kujizuia, na ndani yake walikuwamo watoto wake wawili.

Bertha hakutafuta mbao nyingine. Katika kijiji cha Bauschlott alimwendea fundi viatu akamwomba apigilie vipande vya ngozi juu ya breki. Ngozi hushika vizuri, na ikiisha hubadilishwa bila kugusa mbao yenyewe. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya katika safari hiyo, kubwa kuliko pini na mkanda wa soksi. Pini ilizibua mrija ule tu. Wazo la kuweka juu ya breki kitu cha kulika, kinachobadilishwa kabla chuma hakijaguswa, liko kwenye kila gari linalopita mbele ya nyumba yako. Ndiyo hiyo breki pedi.

Fundi atakuambia jinsi kazi hiyo inavyopuuzwa. Pedi ikikaribia kuisha, mara nyingi breki hulia, sauti kali ya chuma kusugua chuma. Dereva anaongeza sauti ya redio. Wiki mbili baadaye diski nayo imechimbika, na bei ya matengenezo imeongezeka mara kadhaa, hapo tukiwa tumebahatika kwamba hakuna aliyegongwa. Mafuta ya breki nayo huzeeka. Hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, na yakipata moto mkali kwenye mteremko mrefu yanaweza kuchemka, kanyagio likazama chini bila gari kusimama. Ndiyo maana watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua.

Na kuna tabia moja ya hatari ambayo madereva wengi wanaiona ni ujanja: kushuka mlima na gia ikiwa nyutro, eti kuokoa mafuta. Gari likiwa nyutro, mzigo wote wa kulizuia unaangukia breki, nazo hupata moto na kuanza kupoteza nguvu. Akiba yenyewe haipo. Kwenye injini za kisasa zinazopulizia mafuta kwa kompyuta, ukishuka gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umetoka kwenye kanyagio la mafuta, kompyuta hukata mafuta, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inabidi ichome mafuta ili isizimike. Kwa hiyo gia ndogo kwenye mteremko huokoa breki na huokoa mafuta pia.

Bertha hakuwa na hiyo gia ya kutosha, si kupanda wala kushuka, na hilo alilikumbuka.

Walifika Pforzheim jioni, wachafu na wamechoka. Bertha alimpelekea Carl simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Mume aliyekuwa na hofu tangu asubuhi akajua sasa kwamba gari lake linaweza kwenda mji mwingine. Siku chache baadaye watatu hao walirudi Mannheim kwa gari lilelile, kwa njia nyingine.

Aliporudi, Bertha alikuwa na mambo ya kumweleza fundi aliyemwacha nyumbani. Gari linahitaji gia ya ziada kwa ajili ya milima. Breki zinahitaji ngozi. Carl aliyafanyia kazi. Dereva yeyote anayerudi na gari la bosi na kusema waziwazi lilivyomsumbua njiani anafanya kazi hiyohiyo, ingawa wengi wetu hunyamaza hadi liharibike.

Habari za mama na watoto wake waliosafiri bila farasi zilisambaa. Mwezi uliofuata, Septemba 1888, gari la Benz lilioneshwa kwenye maonyesho ya mashine mjini Munich na kupata medali ya dhahabu. Mauzo hayakufumuka siku hiyohiyo. Wateja wa kwanza walipatikana zaidi Ufaransa kuliko nyumbani Ujerumani. Lakini mwaka 1899 kampuni ilitengeneza magari 572 katika mwaka mmoja, na hakuna kiwanda cha magari kilichokuwa kikubwa kuliko hicho.

Mwaka 1890 Bertha alimzaa mtoto wa tano, Ellen. Mwaka 1903 Carl aliachana na uongozi wa kampuni baada ya kutoelewana na wenzake, na familia ikahamia mji mdogo wa Ladenburg, karibu na Mannheim, ambako Carl alianzisha karakana nyingine na wanawe. Mwaka 1926 kampuni ya zamani iliungana na ile ya Daimler, na hapo ndipo jina Mercedes-Benz lilipoanza. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1925, Carl alikiri kwamba siku walizokaribia kuzama kabisa ni mtu mmoja tu aliyebaki naye, na mtu huyo alikuwa mkewe. Carl alifariki tarehe 4 Aprili 1929.

Bertha aliishi miaka 15 zaidi. Magari yaliyokuwa yakichekwa yakajaza barabara za Ulaya, ya askari na ya raia. Tarehe 3 Mei 1944, alipotimiza miaka 95 katikati ya vita, chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, alikosoma mumewe, kilimpa heshima ya kuwa mjumbe wake wa baraza. Yeye mwenyewe hakuwahi kuruhusiwa kusoma huko. Siku mbili baadaye alifariki nyumbani kwake Ladenburg.

Tangu mwaka 2008 njia aliyopita kwenda na kurudi imewekewa alama rasmi, kama kilomita 194, na watu huiendesha kwa magari yao ili waone alikopita. Wengi husimama Wiesloch mbele ya duka la dawa.